Ushuhuda Si Kipimo

Mwaka 2011 kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kilivuma Afrika Mashariki nzima kwa sababu ya kikombe cha shilingi 500. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu, alisema Mungu amemwonyesha ndotoni dawa ya mizizi ya mugariga inayoponya UKIMWI, kisukari, saratani, presha na pumu. Foleni ya magari ikanyooka kilomita nyingi, wagonjwa mahututi wakafia njiani, na viongozi wa serikali nao wakapigwa picha wakinywa. Mjadala wa siku zile ulibaki kwenye swali moja: Babu ni mkweli au tapeli? Swali hilo lilitupoteza. Anayetoza shilingi 500 pengine anaamini kwa moyo wote anachosema, lakini imani yake haishushi sukari ya mgonjwa. La kuuliza lilikuwa: tumejuaje kwamba dawa inaponya? Na jibu tulilopewa lilikuwa ushuhuda wa waliopona.

Ushuhuda ndio mtaji mkuu wa tiba za uongo mpaka leo, na hatari yake ni kwamba mara nyingi anayeutoa hadanganyi. Pumu hutulia kisha ikarudi. Presha hupanda na kushuka bila mwenyewe kuhisi chochote. Mwenye VVU anayeacha ARV baada ya kikombe anaweza kujisikia mzima kabisa, akasimama mbele ya kamera na kumshukuru Mungu, ilhali virusi vilivyokuwa vimefubazwa huanza tena kuongezeka damuni, mara nyingi ndani ya wiki chache. Siku hiyo anasema kweli kuhusu anavyojisikia. Kuhusu ugonjwa wake hajui. Na atakapozidiwa, hakuna redio itakayomfuata kitandani kurekodi sehemu ya pili ya habari. Waliokufa hawatoi ushuhuda, kwa hiyo tunachosikia ni upande mmoja tu wa hesabu.

Wapo watakaosema huku ni kudharau mitishamba ya wazee wetu. Sivyo. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti, na dawa mseto ya malaria tunayomeza leo ina asili yake katika mmea uliotumiwa na Wachina kwa karne nyingi; mtafiti Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini yeye na wenzake walichuja, wakapima kipimo kinachofaa, wakahesabu waliopona na wasiopona. Kanuni hiyohiyo inawabana wenye makoti meupe: mwaka 1990 Kenya ilizindua kwa shangwe Kemron, dawa ya UKIMWI iliyotangazwa na watafiti wa taasisi yake ya utafiti wa tiba, KEMRI, na majaribio yaliyofuata, yakiwemo ya Shirika la Afya Duniani, hayakuona faida yake.

Hoja nzito zaidi ni ya umaskini: hospitali iko mbali, foleni ni ndefu, dawa za saratani ni ghali, na mganga humsikiliza mtu kwa upole. Hilo ni kweli na ni aibu ya serikali zetu. Ila mgonjwa maskini ndiye asiye na akiba ya kupoteza. ARV hutolewa bure. Anayeshawishiwa kuziacha ameuziwa hasara. Na hasara hiyo huuzwa hadharani: tazama bango lililopigiliwa kwenye nguzo ya umeme mtaani kwako: presha, vidonda vya tumbo, uzazi, nguvu za kiume na kurudisha mpenzi, yote kwa mtu mmoja, na chini namba ya simu. Matatizo hayo hayana chanzo kimoja, hivyo dawa moja haiwezi kuyamaliza yote.

Wahariri na wamiliki wa redio, acheni kurusha ushuhuda wa uponyaji usio na majibu ya vipimo ya kabla na baada, hata kama kipindi kimelipiwa. Nawe msomaji, ukiambiwa uache dozi ya hospitali ili dawa nyingine ifanye kazi, usiiache kabla hujazungumza na daktari wako.