Ustawi wa Jamii: Jalada la Familia Lishikwe na Nani?

“Nitakupeleka ustawi.” Kauli hii hutolewa na mama aliyechoshwa na baba asiyetoa matunzo, na baba mwenyewe huielewa bila kufafanuliwa. Kwa Watanzania wengi, ofisi ya ustawi wa jamii ni mahali pa kudai hela ya unga na ada, basi.

Kazi halisi ya ofisi hiyo ni pana zaidi. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, afisa ustawi ndiye anayeiandalia mahakama taarifa ya uchunguzi wa kijamii mzazi anapodaiwa matunzo au wazazi wanapogombea mtoto. Ndiye anayekagua makao ya watoto na kutafuta familia za malezi ya kambo. Hospitalini, ndiye anayemhoji mgonjwa asiye na uwezo ili apate msamaha wa gharama. Wanandoa wakigombana, mara nyingi ndiye anayeketi katikati yao.

Swali ni hili: mtu mwenye mzigo wote huo anafanya kazi chini ya nani? Jibu limekuwa likibadilika karibu kila unapoundwa upya muundo wa serikali. Baada ya uchaguzi wa 2005 ustawi uliunganishwa na afya katika wizara moja. Mwishoni mwa 2015 wizara hiyo ikapanuliwa, ikabeba pia maendeleo ya jamii, jinsia, wazee na watoto. Januari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akaitenganisha, na ikazaliwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Wadau wengi walishangilia. Hoja yao ilikuwa kwamba ndani ya wizara ya afya, masuala ya familia humezwa na dawa, hospitali na magonjwa ya mlipuko.

Hoja hiyo ina uzito. Wizara yenye waziri wake hupata sauti bungeni, na mtoto aliyefanyiwa ukatili hasubiri zamu nyuma ya ujenzi wa hospitali. Lakini ukishuka kutoka Dodoma ukafika halmashauri, utakuta utengano huo haukufika. Huko ustawi wa jamii umebaki katika idara moja na afya na lishe, chini ya Mganga Mkuu wa Halmashauri, wakati maendeleo ya jamii yana meza yake pembeni. Afisa ustawi anapokea miongozo ya taaluma kutoka wizara moja, anatumikia mwajiri aliye chini ya TAMISEMI, na mkuu wake wa kila siku ni daktari. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa manahodha ni wengi na baharia ni mmoja, tena kata nyingi hazina hata huyo mmoja.

Tuchukue mfano wa bibi anayelea wajukuu watatu. Mmoja ana ulemavu wa viungo, mwingine amepigwa na mjomba wake hadi kuumia, na baba yao yuko mjini hatumi kitu. Kwa kipigo, bibi ataanzia Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ambalo liko Mambo ya Ndani, achukue fomu ya PF3 aende nayo kituo cha afya, ambako ni wizara nyingine. Ruzuku ya kaya maskini iko TASAF, na TASAF iko Ofisi ya Rais, Utumishi. Masuala ya watu wenye ulemavu yanaratibiwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Matunzo ni ustawi. Kila mlango una daftari lake, na katika kila mlango bibi ataulizwa upya jina, kijiji na idadi ya watoto. Hakuna hata mmoja kati ya watumishi hao anayewajibika kujua kama mlango uliofuata ulifunguliwa.

Wapo wanaosema dawa ni kuzikusanya huduma hizi zote katika wizara moja kubwa. Sikubaliani nao, kwa sababu mbili. Kwanza, mipaka haifutiki, inahama tu. Kenya waliwaacha maafisa wa watoto serikali kuu hata baada ya ugatuzi wa 2013, hivyo amri inashuka moja kwa moja kutoka Nairobi. Lakini hospitali nyingi na shule za chekechea zilikwenda kaunti, na mpaka uliokuwa ndani ya serikali moja ukahamia kati ya serikali mbili. Pili, kuwa karibu na wenye rasilimali kuna faida yake. Afisa aliye chini ya Mganga Mkuu yuko jirani na gari, na wadi, na wauguzi wanaoona majeraha kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukimwondoa pale kwa kalamu bila kumpa bajeti, utakuwa umempa uhuru wa kukaa ofisini.

Nionavyo, kinachotakiwa kuunganishwa ni huduma pale inapokutana na familia, na ushahidi upo nyumbani. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyoanzishwa katika baadhi ya hospitali vinawaweka pamoja daktari, polisi, afisa ustawi na msaada wa kisheria. Kila mmoja anabaki na mwajiri wake, lakini aliyefanyiwa ukatili anasimulia yaliyompata mahali pamoja. Wizara hazikuvunjwa, milango ndiyo iliyosogezwa. Kasoro yake ni kwamba vituo hivyo hupokea mtu akishaumizwa. Bibi wa mfano wetu alihitaji mtu wa kufuatilia familia yake kabla mjomba hajanyanyua fimbo.

Mtu huyo anaweza kupatikana kwa mambo matatu. La kwanza ni afisa ustawi mmoja kwa kila kata, mwenye jalada moja la kila familia anayoihudumia. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, imekuwa ikitoa wataalamu mwaka hadi mwaka. Kinachokosekana ni vibali vya ajira. La pili ni mamlaka. Mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017, uliunda kamati za ulinzi hadi ngazi ya kata na kijiji. Kamati hizo zipewe nguvu ya kudai majibu: afisa akimwandikia mratibu wa TASAF au polisi kuhusu kaya fulani, barua irudi na jibu ndani ya muda uliowekwa.

La tatu, na gumu kuliko yote, ni fedha. Sheria ya Mtoto inaipa halmashauri, wala si wizara, wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake. Wajibu usio na fungu hugeuka hotuba. Tazama mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilikuwa na kasoro nyingi hadi ikasimamishwa 2023, kisha ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini haikufa, kwa sababu sheria imeitaja kwa asilimia na kila diwani anajua kuiulizia. Ustawi nao utengewe sehemu yake kwa sheria, hata iwe ndogo: nauli ya afisa kufika kijijini, chakula cha mtoto anayehifadhiwa kwa usiku mmoja, posho ya familia ya kambo.

Kuna atakayesema halmashauri maskini haziwezi. Zipo zisizoweza, na hizo ndizo zinazopaswa kufikiwa kwanza na ruzuku ya serikali kuu. Lakini gharama ya sasa hailipwi na halmashauri wala hazina. Inalipwa na bibi, kwa nauli za kuzunguka ofisi, na pia mtoto anayeacha shule wakati majalada yanatafutana. Madiwani wanapopitisha bajeti ijayo, waulize fungu la ustawi ni kiasi gani na kata ngapi hazina afisa. Majibu ya maswali hayo mawili yatawaeleza zaidi hali ya familia zao kuliko jina lolote jipya la wizara.