Jina Kubwa kwa Bei Ndogo: Pikipiki ya Kifahari Hupimwaje?

Kitu chenye jina kubwa kikiuzwa kwa bei ndogo, mnunuzi hana budi kuuliza bei hiyo imepunguzwa mahali gani. Swali hili lina uzito katika nyumba ya askari, maana fedha za kununulia pikipiki kubwa aghalabu hutoka katika posho ya miezi mingi ya kulinda amani ugenini, au katika kiinua mgongo, na fedha za namna hiyo haziji mara mbili. Zikishatoka mkononi, ada za shule na mabati ya nyumba hubaki yakisubiri. Mfano mzuri umetokea India. Na kwa kuwa pikipiki nyingi zinazoonekana katika barabara za Uganda asili yake ni huko huko, mfano huo si wa mbali kama mtu anavyoweza kudhani.

Kampuni ya Harley-Davidson ilianza kazi mwaka 1903 katika mji wa Milwaukee, Marekani. Wanajeshi waliopigana Vita Kuu ya Pili waliijua vizuri, kwani kampuni hiyo ilitengeneza pikipiki za kijeshi aina ya WLA zipatazo 90,000. Baada ya vita jina lake lilishikamana na pikipiki za safari ndefu: kiti cha chini, usukani mpana, tangi lenye umbo la chozi, na mpandaji aketiye wima kama mtu aliye katika kiti cha uvivu. Pikipiki hizo ni nzito na ni ghali, na kwa wapenzi wake wengi ughali wenyewe ni sehemu ya utamu.

Mwezi Novemba 2013, katika maonyesho ya Milan, Italia, kampuni ilionyesha pikipiki mpya ya daraja la kuanzia, Street 750. Mwezi Februari 2014 ikatangazwa India kwa rupia 410,000. Katika soko la Marekani iliuzwa dola 7,499. Harley nyingine kubwa ziliuzwa kwa bei ya juu zaidi. Pikipiki za soko la India na nchi nyingine nyingi ziliundwa katika kiwanda cha Bawal, jimbo la Haryana, na kwa njia hiyo ushuru mzito unaotozwa pikipiki iingizwayo India ikiwa nzima uliepukwa. Hivyo sehemu ya unafuu wa bei ilikuwa halali kabisa. Haikumpunja mnunuzi hata kidogo.

Injini nayo haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa na silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, ujazo wa sentimita za ujazo 749, na ilipozwa kwa maji badala ya kutegemea upepo tu, jambo lenye faida katika msongamano wa mjini ambako upepo haupo. Gia zilikuwa sita, na nguvu ilipelekwa gurudumu la nyuma kwa ukanda usiohitaji kupakwa mafuta kama mnyororo. Waandishi wa magazeti ya pikipiki waliisifu injini hiyo. Kumbe hapo ndipo fedha zilipokwenda!

Penginepo hazikwenda. Waandishi hao hao walilalamika kwamba nyaya za umeme zilionekana wazi pale ambapo katika pikipiki ya bei hiyo zingefichwa. Kwamba viungo na mapambo havikukamilishwa kwa ustadi uliotazamiwa kwa jina lile. Na, jambo zito kuliko yote, kwamba breki zilikuwa dhaifu kwa chombo chenye uzito wa zaidi ya kilo 220. Katika toleo la mwaka 2016 breki ziliboreshwa kwa kuwekewa sahani kubwa zaidi, na kifaa kinachozuia gurudumu lisikwame wakati wa kushika breki ghafla kikaanza kupatikana. Marekebisho hayo yaonyesha kwamba malalamiko hayakuwa ya watu wa kununa bure. Lakini aliyekwisha kununua mwaka 2014 alibaki na alichonunua.

Hapa yafaa kutofautisha unafuu wa aina mbili ambao machoni mwa watu wengi ni kitu kimoja. Bajaj Boxer, ambayo kila mtu wa Kampala, Gulu au Mbarara ameipanda kama boda boda, ni pikipiki ya bei ndogo. Bei yake ni ndogo kwa sababu vitu vingi havimo: haina rejeta, haina kromu ya kupendeza, injini ni ya silinda moja. Lakini kile kilichomo kinafanya kazi yake, na fundi wa chini ya mwembe anakijua. Huo ni unafuu wa kuondoa. Unafuu wa pili ni wa kudhoofisha: kila kitu cha kifahari kipo mahali pake, sura ipo na jina lipo, ila kila kimoja kimepunguzwa kidogo pale ambapo jicho halifiki upesi. Unafuu wa kwanza hauna hila. Wa pili ndio unaowapata wenye haraka, na bidhaa za kifahari za daraja la chini ziko katika hatari ya kuuingia kuliko bidhaa nyingine zozote, maana mtengenezaji amekwisha kuahidi sura ambayo bei haimruhusu kuijaza.

Askari aliyezoea ukaguzi wa gwaride hahitaji kufundishwa sana namna ya kutazama. Anajua buti linaloweza kung'aa juu huku soli imetoboka. Pikipiki nayo aikague vivyo hivyo, akianzia chini. Apige magoti atazame mahali vyuma vilipochomelewa: mshono uwe sawa na uliopakwa rangi yote, kwa kuwa kutu huanzia pale rangi ilipokosekana. Augeuze usukani mpaka mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, atazame kama nyaya zinavutika au kusuguana na chuma. Waya unaosuguka leo ndio utakaozima taa usiku barabarani. Abonyeze kila kitufe cha usukani mara kadhaa na kusikiliza kama kinalegea. Ashike breki ya mbele pikipiki ikisukumwa na mtu mwingine, aone kama inakamata kwa uimara au inabonyea kama sifongo. Kugonga tangi kwa kidole ili kusikia mlio wa chuma, mtindo upendwao sana na wanunuzi, hakumwelezi mtu lolote juu ya breki. Wala uzito si ushahidi wa uimara. Nondo moja ya ziada huongeza uzito bila kuongeza usalama.

Bora kuliko hayo yote ni kuitazama pikipiki ya namna ile ile iliyokwisha kutumika miaka 2 au 3. Kila kitu kipya dukani ni kizuri. Iliyonyeshewa mvua misimu kadhaa ndiyo husema kweli juu ya rangi, skrubu na plastiki zake.

Na mama wa nyumba akae kiti cha nyuma kabla fedha hazijahesabiwa. Pikipiki nyingi za aina hii zimebuniwa kwa ajili ya mtu mmoja anayejipenda; kiti cha abiria huwa kipande chembamba kilichowekwa kwa kutimiza desturi. Ikiwa chombo kimenunuliwa kwa fedha za nyumba nzima, si haki mwenzake afike safarini akiwa hajiwezi mgongo.

Kisa cha Street hakikuishia dukani. Mwaka 2019 kampuni iliwaita wenye pikipiki za jamii ya Street kote duniani, zaidi ya 40,000, wazirudishe kwa sababu breki ya mbele iliweza kuendelea kubana hata baada ya mpandaji kuiachia. Kuita vyombo virudi ni jambo la kuheshimika. Kampuni inayonyamaza ni mbaya zaidi. Hata hivyo breki ilikuwa tena ile ile iliyolalamikiwa tangu mwanzo, ingawa kasoro yenyewe ilikuwa nyingine. Kisha mwezi Septemba 2020 Harley-Davidson ilitangaza kufunga kazi za kiwanda cha Bawal, na Street ikafikia mwisho wake. Wenye pikipiki walipata mashaka juu ya vipuri hadi kampuni ya Hero MotoCorp ya India ilipokubali kushika mauzo na matengenezo. Uimara wa kitu, basi, haukai katika chuma peke yake. Pikipiki isiyo na kipuri cha breki ni pambo la uani, hata iwe na jina gani.

Washindani hawakulala. Mwezi Januari 2023 Royal Enfield, kampuni yenye viwanda karibu na Chennai, ilianza kuuza India Super Meteor 650, pikipiki ya safari ndefu yenye silinda mbili, kwa bei kuanzia rupia 349,000. Yaani miaka 9 baada ya Street, bei ilikuwa chini kuliko ile ya 2014, na dhamana ilikuwa ya miaka 3. Dhamana ndefu yastahili kuhesabiwa kama sehemu ya bei, kwa kuwa mtengenezaji asiyeamini chuma chake haahidi miaka mingi. Mwaka huo huo Harley nayo ilirudi na X440, iliyoundwa na Hero: silinda moja, inayopozwa kwa upepo na mafuta, kuanzia rupia 229,000. Hiyo haikujaribu kuwa Harley kubwa iliyopunguzwa. Vitu viliondolewa waziwazi, na kwa kipimo cha hapo juu huo ni mwelekeo ulio bora.

Street 750 zilizotumika bado zinauziwa watu kwa bei ya kuvutia, na injini yake haijageuka kuwa mbaya. Anayeonyeshwa moja aulize kwanza hati inayothibitisha kwamba ile kazi ya breki ya mwaka 2019 ilifanywa, na mafuta ya breki yalibadilishwa lini mara ya mwisho. Kwa kawaida hayapaswi kukaa zaidi ya miaka 2. Muuzaji akianza kusimulia habari za Milwaukee badala ya kutoa hati, gharama ya breki mpya ya mbele na iondolewe katika bei palepale, kabla ya mazungumzo mengine.