JOTO HILI, JIKONI YUKO NANI?

Sie huku Maskati wazima, ila tunachemka!

Kila ukifika mwezi wa sita simu za nyumbani zinakuja na suala lile lile: "Joto limeshaanza huko? Mnakula nini?" Leo nalijibu, na nikishalijibu nitasema na la moyoni, maana nina neno nimelibeba siku nyingi. Atakayekasirika anisamehe.

Kwanza mjue joto lenyewe. Hili si joto la kaskazi la Januari, la kukaa barazani ukajipepea na upepeo mpaka upepo wa bahari ukaja. Huku kuanzia Mei mpaka Septemba, saa moja asubuhi ukuta ushapata moto. Digrii 40 na zaidi ni jambo la kawaida, na sisi wa pwani tunaongezewa na unyevu, unaroa jasho kabla hujafika kwenye gari. Usiku nao usitegemee nafuu. Tarehe 26 Juni 2018, pale Quriyat, mji wa pwani si mbali na hapa Maskati, joto halikushuka chini ya digrii 42.6, mchana na usiku. Hiyo ndiyo ilikuwa BARIDI yao ya siku hiyo!

Serikali ya hapa inalijua hilo. Kila mwaka, kuanzia Juni mpaka Agosti, ni marufuku kuwafanyisha watu kazi za nje juani kuanzia saa sita u nusu mchana mpaka saa tisa u nusu. Mafundi wa ujenzi wanateremka, wanatafuta kivuli, wanalala. Sheria nzuri. Lakini nani kawahi kutangaza marufuku ya jikoni?

Hapo ndipo lilipo neno langu.

Sisi Waswahili wa huku, pamoja na wenyeji wetu waliotoka Zanzibar wao au wazee wao, tumekuja na sufuria zetu. Pilau Ijumaa. Biriani mgeni akija. Sambusa, kaimati, chapati za kusukuma, mchuzi wa nazi. Mimi navipenda vyote hivyo, msije mkasema nimekuwa mzungu! Lakini tunavipika Julai kama tunavyovipika Januari. Sebuleni kiyoyozi kinavuma mpaka watoto wanajifunika shuka. Jikoni, kwenye nyumba nyingi, hakuna kiyoyozi. Kuna feni ndogo ya dirishani inayovuta moshi, mafiga manne ya gesi yanawaka, na mtu mmoja kasimama hapo saa tatu, saa nne. Mtu huyo ama ni mama wa nyumba, ama ni msichana wa kazi, na msichana wa kazi siku hizi mara nyingi ni mtoto wetu wenyewe, katoka Tanga, Zanzibar, Dodoma, Mombasa.

Basi maoni yangu ni haya: KIANGAZI TUPIKE KIDOGO. Na mwenye kuamrisha chakula ajiulize kwanza nani atakayesimama motoni.

Mtasema tutakula nini? Nyumbani kwangu Juni mpaka Agosti mchana moto hauwashwi. Wali mweupe unapikwa kwenye sufuria ya umeme alfajiri, unafunikwa. Mchana unafungua kopo la jodari, unalimwaga mafuta, unatia kitunguu maji kilichokatwa vyembamba na kukamuliwa kwa chumvi, ndimu mbili, pilipili mbichi na kotmiri. Unachanganya kwa uma, basi. Dakika kumi, na hakuna aliyetokwa jasho.

Siku nyengine ni mtindi. Huku unauzwa mwepesi wa kunywa, wanauita laban, na mzito wa kula. Chukua ule mzito, kwaruza tango ndani yake, tia chumvi, bizari nyembamba iliyokaangwa kidogo ikasagwa, na majani ya nanaa. Weka kwenye friji saa moja. Unakula na mkate wa Kiarabu wa dukani na zaituni pembeni. Watoto wangu mwanzo walikuwa wakiuliza "chakula kiko wapi?" Sasa wanaugombania.

Na nyama au samaki? Hivyo ni vya usiku, nje, baada ya sala ya isha. Vipande vya nguru vinalazwa mchana kwenye friji na ukwaju, thomu, chumvi na pilipili, usiku vinatiwa kwenye mkaa. Na mkaa, ndugu zangu, ni kazi ya wanaume! Hilo hata wenyeji wanakubali. Nendeni pwani ya Qurum au Seeb usiku muone wanaume wanavyopepea makaa ya mishkaki, tena wanaringa.

Sasa najua yupo shangazi huko anayesema: "Mgeni umpe kopo la samaki? Fedheha!" Hoja hii naiheshimu, kwa sababu heshima ya mgeni ndiyo tuliyolelewa nayo. Lakini tazameni Mwarabu wa hapa anavyompokea mgeni. Ukiingia nyumbani kwake, kabla hujaulizwa habari, unaletewa tende na kahawa. Pengine na halua. Hiyo ndiyo heshima ya kwanza na kubwa. Tende haikupikwa. Kahawa imo kwenye chupa ya chai tangu asubuhi. Halua imenunuliwa kwa wenyewe wanaojua kuikoroga, maana ile ni kazi ya saa kadhaa juu ya moto, sukari, wanga, samli, zafarani, hiliki na maji ya waridi, na watu wa nyumbani wengi hawaithubutu. Mgeni anakula vidole vitatu vya halua, anakunywa vikombe vyake, anakitikisa kikombe kuonesha katosheka. Heshima imekamilika na jiko halijawashwa!

Kwa hiyo heshima ya mgeni haikai kwenye moto. Inakaa kwenye uso, kwenye mkono unaotoa, na kwenye muda unaokaa naye. Mama wa nyumba aliyejifungia jikoni tangu saa tatu asubuhi kwa ajili ya mgeni, huyo mgeni hakumuona hata kidogo. Kaonana na biriani.

Na kwa vitamutamu, kiangazi ndiyo msimu wenyewe. Joto hili hili linalotuunguza ndilo linaloivisha tende. Juni mpaka Agosti masoko yanajaa tende mbichi zilizoiva, wanaziita rutab, laini kama jemu, nusu rangi ya njano na nusu ya kahawia. Khalas, khunaizi, naghal, kila mtu na aliyoizoea. Hizi si zile kavu mnazozijua za mwezi wa Ramadhani. Toa kokwa, weka lozi moja ndani, tia kwenye friji. Kula na laban baridi. Nani tena anataka kukaanga kaimati mchana wa Julai?

Kwa wale wasioridhika bila ya kitu cha kijiko, nawapa sagu yangu. Nusu kikombe cha sagu roweka nusu saa, chemsha na maji vikombe viwili na nusu huku ukikoroga, mpaka chembe ziwe nyeupe za kung'aa kama kioo. Mimina tui zito kikombe kimoja, sukari vijiko vinne vya kulia, hiliki na chumvi ya kuonja tu. Ikichemka mara moja epua. Pika USIKU, acha ipoe, weka kwenye friji mpaka kesho. Juu yake katia embe. Moto wake wote ni robo saa hivi, na hata huko nyumbani mnaweza, vitu vyote mnavyo.

Sasa tuje kwenye kula nje, maana jikoni tukipumzika lazima tutatoka. Huku kuna mtindo ambao mgeni wa nyumbani akiuona mara ya kwanza anacheka. Vijihoteli vidogo vya chai na mikate viko kila kona. Hushuki garini. Unasimama mbele ya mlango, unapiga honi, kijana anakuja mbio mpaka dirishani. Unamwambia chai ya karaki nne, ile ya maziwa na hiliki iliyochemka sana, na chapati mbili za mayai na jibini, zitiwe krispi za viazi na pilipili ya chupa. Anarudi ndani, analeta. Unakula, unapiga honi tena aje achukue pesa. Chai yenyewe bei ni baisa mia, mia mbili. Ni rahisi, ni tamu, na mwenyewe nilikuwa na kawaida hiyo kama watu wote.

Lakini tazameni hesabu yake. Ndani ya gari kiyoyozi kinafanya kazi. Ndani ya duka mara nyingi nako kipo. Anayekaa baina ya hivyo viwili, kwenye lami iliyopigwa na jua kutwa, ni yule kijana peke yake. Honi huku, honi kule, gari kumi kwa wakati mmoja. Wengi wao wametoka India na Bangladesh, mama zao wako mbali kama mlivyo mbali nyinyi na sisi. Mimi sasa NASHUKA. Hatua kumi mpaka mlangoni, naagiza, nalipa hapo hapo, nabeba mwenyewe. Sijapungukiwa kitu.

Nimeshawaambia wenzangu wa hapa, na wamenijibu. Mmoja kasema: "Ile ndiyo kazi yake, analipwa." Kweli, analipwa. Na fundi wa ujenzi naye analipwa, lakini sheria imeona saa sita mchana malipo hayatoshi kuwa hoja. Mwengine kasema: "Nina mama mzee garini na mtoto mchanga." Huyo abaki, tena apige honi bila ya haya, huduma ile ina maana kwake. Wa tatu, mwanamke, kasema yeye hana raha kuingia kwenye kijiduka kilichojaa wanaume. Nalikubali na hilo. Ninaowasema ni sisi vijana wa miguu mizima, wanne garini, kila mmoja anasubiri aletewe.

Na msiniambie kwamba kukaa nje na kujihudumia ni unyonge. Ikifika mwishoni mwa Juni, Dhofar kunaingia khareef, mvua za rasharasha na ukungu, milima inakuwa kijani na Salalah inakuwa na baridi ya digrii ishirini na kitu. Watu hawa hawa wanaosubiri chai garini wanaendesha kilomita kama 1000 kutoka Maskati kwenda huko. Wanafanya nini? Wanatandika mkeka kwenye majani, wanashuka wenyewe kununua madafu, ndizi na papai kwenye vibanda vya barabarani, wanasimama kwenye foleni ya nyama iliyochomwa juu ya mawe ya moto. Mzanzibari ukifika pale kwenye minazi moyo unakupasuka, unadhani uko Bububu! Kumbe tunaweza kushuka tukitaka.

Basi mliopo nyumbani nina maombi mawili kwenu.

La kwanza, mnaokuja kutembea mwezi wa saba, mkikuta sahani ya tende, bakuli la mtindi na sagu ya baridi, msiende kusimulia kwamba ndugu yenu kafilisika au mkewe mvivu. Pilau mnayo huko huko, tena Julai kwenu ni kipupwe, mnapika na kibaridi chenu na jioni mnatoka Forodhani kwenye upepo. Sie pilau yetu tutakupikieni mkija Disemba.

La pili ni zito zaidi. Wapo kati yenu wanaotaka kumleta binti kufanya kazi za ndani huku. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wasichana wa Kitanzania wanaofanya kazi majumbani Oman na Emirati, na mambo yaliyosimuliwa humo, saa nyingi za kazi bila ya mapumziko, mishahara kuzuiliwa na hata kupigwa, si ya kufumbia macho. Zipo nyumba nzuri nyingi, nazijua, na wapo wasichana waliojenga kwao kwa kazi hii. Lakini kabla binti hajapanda ndege msiulize mshahara tu. Ulizeni nyumba ina watu wangapi wa kupikiwa. Ulizeni siku ya mapumziko ni ipi. Ulizeni atabaki na simu yake na pasi yake. Na ulizeni jikoni pana kiyoyozi au feni ya moshi tu. Suala hili la mwisho watu watalicheka. Waacheni wacheke, nyie ulizeni.

Haya, mchana ushaingia, tango langu liko kwenye friji linanisubiri. Nisalimieni wote, na mliopo karibu na bahari mnywe dafu moja kwa niaba yangu.

Wassalaam.