JANUARI SIO MACHI: TUSIZIZIKE TIMU ZA VYUO MAPEMA

Leo naomba tuzungumzie mpira wa kikapu, na hasa ule wa vyuo vya Marekani, ambao wengi wetu hapa Dar tulianza kuufuatilia kwa sababu ya mtu mmoja tu: Hasheem Thabeet. Kijana wa hapa hapa mjini, futi 7 na inchi 3, aliyechezea University of Connecticut, maarufu kama UConn, kuanzia 2006 hadi 2009, kisha akachaguliwa namba mbili na Memphis Grizzlies kuingia NBA. Thabeet aliondoka chuoni miaka mingi iliyopita, lakini sisi wengine ugonjwa aliotuachia haujapona. Mpaka leo ikifika Januari naamka alfajiri kutazama matokeo, halafu nashinda kazini nikisinzia.

Ugonjwa huu una dalili moja mbaya: kupenda kutoa hukumu. Na mimi naanza kwa kuungama. Msimu wa 2022/23 UConn ilianza kwa kushinda mechi 14 mfululizo. Halafu, kuanzia mkesha wa mwaka mpya hadi mwishoni mwa Januari, ikacheza mechi nane za konferensi yake ya Big East na kupoteza sita. Nikatangaza mbele ya jamaa zangu kijiweni kwamba hawa wamekwisha, na kwamba wakitwaa ubingwa nitanunua chipsi za watu wote. Aprili 2023 UConn ikawa bingwa wa taifa. Mechi zote sita za michuano ile ilishinda kwa tofauti ya pointi 13 au zaidi. Chipsi nilinunua, tena mayai mawili mawili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, nilikosea wapi? Maana sikubahatisha. Nilitazama msimamo, nikaona timu inaporomoka, nikasema inaporomoka. Jibu nililolipata ndilo nataka kuwashirikisha leo: msimamo wa konferensi unakwambia nani kashinda mara ngapi. Haukwambii nani ni mzuri. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na kila mwaka tunayachanganya.

Kwa ambao hamfuatilii sana, mambo yako hivi. Vyuo vimejipanga katika makundi yanayoitwa konferensi. Novemba na Desemba timu hucheza zaidi na wageni kutoka makundi mengine. Kisha hadi mapema Machi inakuja ligi ya ndani ya konferensi, mara nyingi mechi 18 au 20, halafu mtoano wa konferensi yenyewe. Bingwa wa mtoano huo anapata tiketi ya moja kwa moja kwenda michuano ya taifa, na nafasi zinazobaki hugawiwa na kamati. Mwaka 2025, kwa mfano, ziliingia timu 68: tiketi 31 za mabingwa na 37 za kamati.

Sasa twende kwenye hoja. Swali la kwanza ninalouliza siku hizi nikiona matokeo ni moja tu: walicheza wapi? Januari 7, 2025 Florida ikiwa nyumbani iliifunga Tennessee, iliyokuwa namba moja nchini, 73-43. Pointi 30! Februari 1 timu hizo hizo zikarudiana kwa Tennessee, na Tennessee ikashinda 64-44. Ndani ya siku 25 matokeo yaligeuka kwa pointi 50. Aliyeiona mechi ya kwanza tu alisema Florida ni moto wa kuotea mbali. Aliyeiona ya pili tu alisema wanyonge. Zilipokutana mara ya tatu, kwenye fainali ya mtoano wa konferensi yao ya SEC, uwanja usio wa mmoja wao, Florida ilishinda 86-77, na wiki chache baadaye ikawa bingwa wa taifa. Kufungwa ugenini Februari hakukuwa msiba.

Kamati yenyewe inalijua hilo. Mfumo wa viwango unaoitwa NET, ulioanza kutumika msimu wa 2018/19, unaweka ushindi katika madaraja kulingana na mahali mechi ilipochezwa. Kumfunga ugenini aliye nafasi ya 75 kunahesabiwa daraja moja na kumfunga nyumbani aliye nafasi ya 30. Kwa hiyo ukiona timu ina ushindi 10 na kufungwa mara 4, usishangilie kabla hujahesabu kumi hizo wamezipata kwa nani na wapi.

Swali la pili: wamo kwenye konferensi gani? Mwaka 2011 UConn, enzi za Kemba Walker, ilimaliza Big East ikiwa imeshinda 9 na kufungwa 9. Nafasi ya tisa! Lakini Big East ya mwaka ule ilipeleka timu 11 kwenye michuano ya taifa, rekodi ambayo haikuvunjwa hadi SEC ilipopeleka 14 mwaka 2025. Kushika nafasi ya tisa katika kundi la namna hiyo ni sawa na kuwa mwanafunzi wa tisa kwenye darasa la vipaji maalumu. UConn wakashinda mechi tano ndani ya siku tano kwenye mtoano wa konferensi, kisha sita nyingine za taifa, na kombe likaenda kwao.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, na hapa namrudia ndugu yetu Thabeet. Februari 2009 UConn ikiwa namba moja nchini ilikutana na Pittsburgh. Pittsburgh walikuwa na DeJuan Blair, futi 6 na inchi 7 tu, lakini kifua kama mlango wa benki. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4. Kuna wakati waligombania mpira, Blair akamzungusha kijana wetu juu ya bega mpaka chini. Mwezi uliofuata Pittsburgh wakashinda tena. Watu wengi wakasema senta wa UConn ameshapatiwa dawa, timu haifiki mbali.

Ilifika nusu fainali ya taifa. Na mwisho wa msimu Thabeet na Blair waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East.

Ninachojifunza hapo ni kwamba ndani ya konferensi mnajuana mno. Kocha wa upande wa pili amekutazama miaka mitatu, anajua mkono unaoutegemea na anajua ukikasirika unafanya nini. Kwenye michuano ya taifa mpinzani anaweza kuwa na siku moja tu ya kukusoma, na kina Blair hawapatikani kila kona. Kwa hiyo timu inapofungwa na jirani yake mara mbili, mimi nauliza: je, tatizo hili kila mtu anaweza kulitumia, au ni la jirani huyu peke yake? Sisi wa Simba na Yanga tunalielewa hili bila kufundishwa. Nani huwa anatabiri mechi ya watani kwa kutazama msimamo?

Swali la nne: wanafungwa vipi? Kufungwa kwa pointi mbili dakika ya mwisho sio sawa na kukimbizwa kuanzia dakika ya kwanza. Wataalamu kama Ken Pomeroy hupima pointi kwa kila mashambulizi 100, anazofunga na anazofungwa, ili timu inayocheza taratibu na inayokimbia zilinganishwe kwa haki. Januari ile ya 2023, wakati mimi naizika UConn, vipimo vya namna hiyo bado viliiweka karibu na kilele. Namba zilikuwepo. Mimi sikuzitazama, kwa sababu msimamo ni rahisi kuusoma.

Najua kuna mdau ataniambia: wewe unachagua mifano inayokupendeza. Ni kweli, na hoja hiyo naikubali. Kwa kila UConn ya 2011 kuna timu kibao zilizomaliza katikati ya msimamo na zikaenda zao likizo. Tangu michuano ipanuliwe mwaka 1985, hakuna bingwa aliyewahi kupangwa chini ya namba nane katika ukanda wake. Villanova walifanya hivyo mwaka ule ule wa 1985, na hakuna aliyeshuka chini zaidi. Mwaka 2025 timu zote nne zilizofika nusu fainali zilikuwa zimepangwa namba moja. Kwa hiyo sisemi timu mbovu ni nzuri iliyojificha. Nasema tuwe na ushahidi kabla ya kutangaza msiba. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi, lakini hasa siku hizi, ambapo tangu 2021 wachezaji wanahama vyuo bila kukaa benchi mwaka mzima, timu nyingi Novemba zinakuwa bado zinafahamiana majina. Asubuhi yao inaweza kuwa Februari.

Na mnisikilize hapa, maana hili sio suala la chipsi tu. Hukumu zetu za haraka zina watu wanaoumia. Mwaka 2024 Indiana State walishinda mechi 17 na kufungwa 3 kwenye konferensi yao ya Missouri Valley na kuongoza msimamo. Kwenye NET walikuwa ndani ya 30 za kwanza. Kisha wakafungwa na Drake 84-80 kwenye fainali ya mtoano. Pointi nne. Kamati haikuwaita. Wiki hiyo hiyo NC State, waliomaliza ligi ya ACC na ushindi 9 na kufungwa 11, walishinda mechi tano ndani ya siku tano, wakachukua tiketi ya bingwa, na wakaenda mpaka nusu fainali ya taifa.

Siwalaumu NC State hata kidogo, waliipata haki yao uwanjani. Lakini kila tiketi ya kushtukiza kama ile inapunguza nafasi za kugawiwa na kamati, na wa kwanza kukatwa ni wale wa konferensi ndogo. Wa konferensi kubwa anafungwa mara 11 na bado ana mlango wa kubisha. Wa konferensi ndogo anafungwa jioni moja na msimu wake wa miezi minne unaitwa "haukutosha". Indiana State walikwenda kwenye mashindano ya NIT, ya wale walioachwa, wakafika fainali na kufungwa na Seton Hall 79-77. Kwa maoni yangu timu ile ilistahili kuitwa.

Kwa hiyo msimu ukifika, nawaomba jambo moja tu. Ukiona timu imeporomoka kwenye msimamo wa konferensi, kabla hujatuma ujumbe wa kejeli kwa rafiki yako, uliza: walicheza wapi, na nani, wanajuana kiasi gani, na walifungwaje? Ukishapata majibu manne, sema chochote. Unaweza ukakosea bado, mimi mwenyewe nitakosea, lakini angalau utakuwa umeitazama timu yenyewe.

Na ukikosea, mayai ni mawili. Nawasilisha.