Breki zipimwe kabla ya mteremko

Mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, si mahali pa kugundulia breki mbovu, hasa kwa lori linaloshuka na shaba ya kupelekwa bandari ya Dar es Salaam. Hata hivyo, wapo wenye malori wanaokumbuka breki siku wanaposikia trafiki wanakagua barabarani.

Breki za upepo hudanganya. Geji huonyesha tanki limejaa, na lori likasimama vizuri likiwa yadi, ilhali nafasi kati ya viatu vya breki na dramu imeshakuwa kubwa mno. Kwenye mteremko mrefu dramu hupata moto na kutanuka, nafasi inazidi, na dereva anakanyaga pedali bila kupata nguvu ya kutosha.

Kasoro hiyo hugunduliwa kwa rula. Matairi yawekewe vigingi, breki ya kuegeshea iachiwe, injini izimwe upepo ukiwa kati ya psi 90 na 100. Kisha pedali ikanyagwe, na fundi apime fimbo ya kila chemba imetoka kiasi gani. Asikilize pia upepo unaovuja, na maji yatolewe kwenye matanki.

Kwa wakaguzi wa Marekani, Kanada na Meksiko, 20% ya breki zikiwa na kasoro, lori haliendelei na safari. Lenye breki 10 huzuiwa kwa mbili tu. Ukali huo ni wa haki.

Wenye malori, mlipeni fundi kabla ya safari, na dereva anayekataa kuondoka na breki mbovu asikatwe mshahara.