Figo Mpya Haina UE

Wana-UDOM, Hospitali ya Benjamin Mkapa ni jirani yetu kabisa. Tangu Machi 2018 inapandikiza figo, na upasuaji ukifanikiwa tunashangilia kana kwamba mtihani umeisha. Haujaisha. Figo ya kupewa haina UE. Ina majaribio maisha yote.

Mwili unaweza kuikataa kimyakimya, mgonjwa akijisikia poa tu. Inayosema ni damu. Kreatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo, ikianza kupanda ujue kuna shida. Damu hiyohiyo huonyesha kiwango cha dawa inayozuia mwili usiikatae figo. Ikipungua, figo iko hatarini kukataliwa. Ikizidi, dawa yenyewe inaiumiza.

Sasa mgonjwa wa Kondoa au Mpwapwa apande basi kila mara kuja kutolewa damu? Nauli ikikosekana, kipimo kinarukwa.

Hoja yangu ni hii: siku za kliniki zibaki, ila vipimo vya katikati damu itolewe hospitali ya wilaya, isafiri chupa badala ya mtu, majibu yaje kwa simu. Tunaoshangilia upasuaji tudai na hili pia.