Babu amefariki, mbwa wake wa shamba aende wapi?

Siku ya tatu baada ya kumzika babu, kijijini Ngarambe wilayani Rufiji, ndipo tulipomkumbuka mbwa.

Wakati wa msiba hakuna aliyemuulizia. Kaka yangu alikwenda shambani kuangalia ufuta, akamkuta chini ya dungu, amelala juu ya shuka kuukuu la babu, mbavu zinahesabika. Alikuwa bado yupo lindoni. Alimbwekea kaka mpaka alipoitambua sauti yake, kisha akamfuata nyumbani kwa mbali.

Jina lake Mtasema. Babu alimpa jina hilo makusudi, kuwajibu majirani walioshangaa mzee wa swala tano kufuga mbwa. "Nguruwe pori hafukuzwi kwa kulalamika," alikuwa akisema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Anayeifahamu Ngarambe anajua babu alimaanisha nini. Kijiji kiko jirani na pori, upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Mchana wanakuja nyani, usiku nguruwe pori. Mkulima anajenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na mazao yakikaribia kukomaa analala humo. Wazee wa Rufiji pia hawajaisahau miaka ya 2002 hadi 2004, simba walipoua zaidi ya watu 30 wilayani humo. Kwa mtu aliye peke yake shambani usiku, mbwa anayebweka mapema ndiyo kengele yake.

Kwa hiyo Mtasema hakuwa mbwa wa kuchezewa na watoto. Alikuwa mfanyakazi aliyefiwa na bosi wake. Na sisi, familia nzima ya watu wazima, hatukujua la kumfanya.

Siku alipomng'ata mtoto

Siku ya tano ya msiba, mtoto wa dada yangu mwenye miaka sita alimwonea huruma mbwa. Akampelekea ugali kwenye sahani ya bati. Mbwa alipoanza kula, mtoto akainama kuichukua sahani. Mbwa aliyeshinda na njaa siku kadhaa hakusubiri maelezo. Alimng'ata mkononi, meno yakaacha alama mbili, damu kidogo.

Uwanja mzima ulisimama. Mjomba alikwenda moja kwa moja kuchukua panga. Mama mkubwa alikuja na pilipili ya kusaga, aipake kwenye jeraha kama alivyofundishwa na mama yake.

Niliwazuia wote wawili, na sikuwa na muda wa kuwa na adabu sana. "Mjomba, shikamoo, lakini naomba panga liwekwe chini. Mama, hiyo pilipili tafadhali irudishe jikoni."

Mzazi unayesoma hapa, hii ndiyo sehemu ninayotaka uikumbuke hata ukisahau mengine yote.

Kwanza, jeraha la kung'atwa na mbwa, hata likiwa dogo kama mkwaruzo, linaoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Sisi hatukuwa na bomba. Kaka alimimina maji kutoka kwenye dumu, dada akaosha, mimi nikaangalia saa ya simu. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani, hasa mtoto akiwa analia. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala dawa ya meno.

Pili, mtoto anakwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Si kila zahanati ina chanjo ya kichaa cha mbwa, hivyo piga simu kwanza uulize ilipo, usije ukamzungusha mtoto kwenye pikipiki bure. Wetu alipata dozi ya kwanza kabla ya jua kuzama. Hatukusubiri kuona mbwa atafanya nini.

Haraka hiyo ina sababu. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, na kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Lakini chanjo ikitolewa mapema, kabla ya dalili, mtoto anapona na maisha yanaendelea.

Kwa nini hatukumuua

Mjomba hakuelewa kwa nini ninamtetea mbwa aliyemng'ata mtoto wetu. Nilimwambia ukweli: wakati ule sikuwa ninamtetea mbwa, nilikuwa ninamtetea mtoto.

Mbwa anayeweza kuambukiza siku anayong'ata, virusi vimeshafika kwenye mate yake, na yeye mwenyewe huugua na kufa ndani ya siku chache. Ndiyo maana wataalamu hutaka mbwa huyo afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Siku 10 zikipita naye ni mzima, anakula na anakunywa kama kawaida, basi siku ile hakuwa akiambukiza. Mbwa aliyekwisha kufukiwa shimoni, au aliyefukuzwa akatokomea porini, hawezi kukupa jibu hilo.

Tulimfunga chini ya mwembe kwa kamba imara, penye kivuli, tukamwekea maji. Tulimjulisha afisa mifugo. Mtu mzima mmoja tu, kaka, ndiye aliyeruhusiwa kumsogelea. Kila asubuhi tulitazama: je, anameza? Sauti imebadilika? Anatoa mate mengi? Anayumba? Anauma vitu ovyo, au amepoa kupita kiasi? Mabadiliko yoyote ya tabia yalikuwa ni ya kuripoti mara moja.

Kwenye kopo la babu la nyaraka za shamba tulikuta kadi ya chanjo ya Mtasema. Babu alikuwa amemchanja, ila muhuri wa mwisho ulikuwa wa zaidi ya miaka miwili iliyopita. Sikushangaa kuikuta kadi hiyo, kwa sababu kusini mashariki mwa nchi yetu, pamoja na Pemba, kuanzia mwaka 2010 kulikuwa na mradi mkubwa wa kuchanja mbwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Lengo la wataalamu ni asilimia 70 ya mbwa kuchanjwa, kiwango kinachotosha kuukata ugonjwa usisambae. Lakini kinga ya mbwa huisha, na kadi ya zamani haimlindi mtoto wa leo.

Siku ya 10 Mtasema alikuwa mzima, na amenenepa. Daktari ndiye aliyeamua kuhusu dozi za mtoto zilizobaki, si sisi. Kwetu lilibaki swali la kwanza.

Watatu walimtaka

Kumrudisha shambani haikuwezekana, shamba lilikuwa linakodishwa. Bibi akimaliza eda atahamia Mbagala kwa mama mkubwa, vyumba viwili vya kupanga na wajukuu wanne. Mbwa aliyezoea ekari nzima ya usiku hawezi kukaa koridoni. Na tukimwacha kijijini azurure, tunajua mwisho wake: atakula jalalani, atakosa chanjo, atang'ata mtoto wa mtu mwingine, kisha atauawa. Familia itakuwa imelihamishia tatizo kwa jirani.

Kabla ya arobaini, watu watatu walijitokeza.

Wa kwanza alitaka mbwa wa kulinda gereji mjini. Alisema wazi kwamba mchana kutwa angekuwa kwenye mnyororo. Mbwa anayefungwa hivyo kila siku hugeuka mkali kwa kila anayepita, na gereji hupitiwa na watoto wa shule. Tulimshukuru.

Wa pili alitaka wa kuwindia. Tulimuuliza kibali chake kiko wapi, akacheka. Tulimshukuru naye.

Wa tatu ni mama mjane wa kitongoji cha pili, ana ufuta na mahindi na watoto wawili waliofika sekondari. Hakumsifia mbwa hata kidogo. "Mimi sitaki mbwa wa ndani, mwanangu," aliniambia. "Nataka wa kazi. Lakini niambie kwanza, alimng'ata mtoto kwa nini?"

Yeye peke yake ndiye aliyeuliza. Nikajua tumempata.

Nilimweleza yote, bila kuficha. Ukimpa mtu mbwa na kumficha kwamba aliwahi kung'ata, umeihatarisha familia yake. Alikwenda kumuuliza sheikh wake, akajibiwa kile ambacho babu alikuwa akikisema siku zote, kwamba mbwa wa kulinda shamba na mifugo anaruhusiwa. Atakaa nje, atakuwa na chombo chake, na mate yake yakigusa chombo cha watu kitasafishwa kama dini ilivyofundisha. Ukitazama kwa jicho la afya, huo ni utaratibu mzuri kwa nyumba yoyote, ya Mwislamu au ya Mkristo.

Mtasema alichanjwa upya na kupewa dawa ya minyoo kabla ya kuondoka. Kaka alikwenda naye, akalala naye shambani kwa yule mama usiku tatu za mwanzo, na shuka la babu likaenda pia. Mbwa wa kazi hubadilishiwa bosi polepole. Ukimkabidhi asubuhi na kuondoka mchana, usiku atakata kamba arudi kwenye dungu tupu.

Kabla hujampokea wewe

Kama kuna mbwa wa ulinzi anayetafutiwa nyumba, wa ndugu aliyefariki au jirani anayehama, uliza haya:

- Amechanjwa lini? Taka kuiona kadi, si maneno. Kama haipo, achanjwe kabla hajafika kwako.
- Amewahi kung'ata? Nani, na ilikuwaje?
- Alikuwa akifanya kazi gani? Mbwa wa shamba hafai uani pa nyumba yenye watoto wadogo wanaochezea mkia.
- Amehasiwa? Kama bado, muulize daktari wa mifugo. Watoto wa mbwa wasiotakiwa ndio mbwa wa mitaani wa mwakani.
- Nani atamlisha kila siku? Taja jina la mtu mzima mmoja.

Na watoto wafundishwe mambo matatu tu: mbwa anayekula haguswi, mbwa aliyelala haguswi, na mbwa akikukimbilia simama tuli, usikimbie. Halafu wajue kwamba wakikwaruzwa waseme, hawatapigwa. Mtoto anayeficha jeraha kwa kuogopa fimbo ndiye ninayemhofia zaidi.

Hatukuwa wa kwanza kuhangaika na suala hili. Hata jeshi la Marekani, kwa miaka mingi, mbwa wake waliomaliza kazi kwa kawaida waliuawa, mpaka sheria ya mwaka 2000 iliporuhusu wapewe familia za kuwatunza. Serikali yenye fedha zote zile ilihitaji sheria ili kukumbuka kwamba aliyekulinda usingizini anakudai mahali pa kuzeekea.

Juzi yule mama alinitumia ujumbe wa simu. "Mtasema amebweka mpaka alfajiri. Nguruwe walikuja, wameishia mpakani. Ufuta upo."

Nilimsomea bibi. Alikaa kimya, kisha akauliza kama mbwa amekula.

Mjomba naye aliuliza lini ni siku ya chanjo ya mbwa kijijini mwaka huu. Anataka kupeleka wa kwake. Wewe je, wa kwako kadi yake inasema nini? Itazame leo, kabla ya wiki ijayo tutakapokutana tena hapa.